Katoni ya Chingamu za Blantyre

Cardiff,
5 Februari 1995

Mdogo wangu Naila,

Assalaam alaykum. Leo ni tarehe tano Februari 1995. Niliondoka Kyela Septemba 1966, kwa hiyo huu ni mwaka wa ishirini na tisa niko nje ya nyumba yetu. Nimehesabu mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini.

Telegramu ya mdogo wetu Muksini kuhusu kifo cha Baba ilinifikia maziko yakiwa yamekwisha. Nilikaa msiba peke yangu jikoni. Jirani yangu mmoja wa hapa aliniletea keki, akaniuliza kama baba yangu alikuwa mzee sana. Nikamjibu kwamba nilipomwona mara ya mwisho hakuwa mzee. Mungu amrehemu, na akupe wewe nguvu, maana ndiwe uliyemuuguza.

Nina ombi moja tu, na nakuomba ulichukulie kwa uzito. Unaikumbuka ile katoni ya chingamu niliyoiagiza Blantyre mwaka 1962, zile zilizokuwa na kadi ya mchezaji mpira ndani ya kila pakiti? Ziliteremshwa bandarini Mwaya katoni mbili. Moja tuliiuza, Baba akanicheka: "Nani Kyela hii atanunua Mwingereza wa karatasi?" Ya pili haikufunguliwa hata siku moja. Maduka ya watu binafsi yalipofungwa mwaka 1976 ilikuwa darini. Msako wa walanguzi wa mwaka 1983 ulipoanza, uliniandikia kwamba Baba aliogopa kila kitu kilichofungwa kwa kamba, akaipeleka kwa jirani yetu Mama Angetile, naye akaifukia kwenye pumba za mpunga wake. Kama bado ipo, naomba itunzwe pakavu. Msiifungue. Hata kamba yake msiikate.

Sababu sitaieleza hapa. Unajua barua zangu husomwa barazani kabla hazijafika chumbani kwako.

Wako katika msiba,
Kaka yako, Abdulrahim

---

Mbugani, Kyela,
12 Machi 1995

Kaka yangu Abdulrahim,

Shikamoo. Waalaykum salaam. Idi imepita salama, arobaini ya Baba tuliisoma ndani ya mwezi mtukufu, watu wakajaa hadi kwenye mikeka ya kuanikia kokoa ya jirani. Biashara si mbaya. Siku hizi kila mwenye meza mbele ya nyumba yake ni mfanyabiashara, na vitu vinavuka mto Songwe kutoka Malawi mchana kweupe, vile vilivyowafunga watu zamani.

Katoni yako ipo, kaka. Mama Angetile mwenyewe ameileta kichwani, imejaa pumba kwenye mikunjo kama kuku aliyelala nje. Kamba ni ileile. Akaiweka juu ya kaunta akanisalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile, Naila. Mwambie Abdulrahimu panya hawakuigusa. Nilikuwa naiamkia kila nikichota pumba."

Sasa kosa lililotokea ni kwamba barua yako ilisomwa, kama ulivyosema. Muksini ndiye aliyeisoma, na unaijua sauti yake. Alipofika pale pa "hata kamba yake msiikate" baraza zima likasogea karibu. Fundi cherehani wa jirani akasema, "Chingamu gani hiyo inayolindwa hivyo? Chingamu hiyo ina meno." Mwingine akasema labda ni dhahabu ya Chunya. Mwingine, sitamtaja, akasema labda ni chupa, na kwamba Mzee Abdala alikuwa mtu wa swala tano lakini mwanawe alizoea Wazungu mapema. Muksini akacheka nao, halafu jioni akaniuliza kwa chini, "Dada, kweli humo mna nini?"

Nikamwambia ni chingamu. Akasema, "Basi mimi nimekuwa mrithi wa chingamu ambayo siruhusiwi kuitafuna."

Mirathi itagawiwa baada ya wiki chache. Maalimu ameagiza kila kitu cha Baba kiandikwe. Niambie kaka, niseme nini juu ya katoni? Ni yako au ni ya Baba? Na kwa nini isifunguliwe?

Nakusubiri.
Mdogo wako, Naila

---

Cardiff,
2 Aprili 1995

Mdogo wangu Naila,

Barua hii siileti dukani. Nimeituma kwa sanduku la posta la kanisa la Mama Angetile kule kwao Matema, akupe mkononi. Isome ukiwa peke yako.

Kwanza nijibu ulichouliza. Niliiagiza mimi, lakini kwa fedha ya duka, na duka lilikuwa la Baba. Kwa hiyo ni mirathi, na ninyi mna haki humo sawa na mimi. Sitaki kumdhulumu mtu.

Sasa sababu. Unajua kazi yangu hapa ilikuwa kujalidi na kutengeneza vitabu vya maktaba vilivyochakaa, mpaka nilipostaafu. Karibu na maktaba kuna duka la Bwana Pritchard anayeuza kadi za zamani: za sigara, za chai, za chingamu. Nilikuwa nikimshonea albamu zake. Siku moja mwaka jana nikaona dirishani kwake pakiti moja ya chingamu zetu za Blantyre, nikacheka kwa sauti. Akaniuliza kinachonichekesha. Nilipomwambia kwamba nyumbani tuna katoni nzima, aliketi.

Watu wa biashara hii, Naila, wamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza hununua kadi moja moja. Sasa Wamarekani wameanza utaratibu wa kupeleka kadi kwa wapimaji, wanaoitazama kwa kioo cha kukuzia, pembe, kingo, rangi, mgongo, kisha wakaipa alama kama mtoto wa shule, toka moja hadi kumi, na kuifungia ndani ya kibao cha plastiki kisichofunguka. Kadi ya kumi ni mali. Ikiwa na alama ya kalamu, au pembe iliyolainika kidogo tu, ni takataka ya kupendeza. Kundi la pili hununua kilichofungwa: pakiti, boksi, katoni, kama kilivyotoka kiwandani. Hawakifungui. Wanakiweka, wanamuuzia mwingine, naye hakifungui. Bwana Pritchard ni wa kundi hilo. Anasema hakuna mpimaji anayeweza kushusha alama ya kitu asichokiona.

Mimi moyo wangu uko kwa wale wa kwanza. Nimeishi na karatasi moja moja, na ninaamini kitu kikitazamwa vizuri kinajieleza. Lakini anayenunua ni yeye, na bei aliyoitaja kwa katoni isiyoguswa ni kubwa kuliko fedha yoyote niliyowahi kushika.

Fungu langu likitoka humo, ninarudi nyumbani. Nimeandika hivyo kwa kalamu na sikufuta. Litatosha nauli, bati la chumba cha nyuma, na mahitaji yangu madogo hadi Mungu atakaponiita. Sitakuja kuwa mzigo kwako. Asubuhi nitakufungulia duka, jioni nitasoma gazeti la juzi kama Baba.

Mwambie Maalimu, yeye peke yake, kwamba iuzwe ikiwa imefungwa, kisha fedha igawiwe. Nimejaribu kupiga simu. Inafika Mbeya, inafia hapo.

Kaka yako,
Abdulrahim

---

Mbugani, Kyela,
20 Aprili 1995

Kaka yangu Abdulrahim,

Shikamoo. Barua yako ya kunieleza sijaiona, na mvua ndiyo hii, usiku na mchana. Lakini usihangaike tena, kwa sababu jambo la katoni limekwisha, na limekwisha kwa heshima. Nimelipigania jina lako kaka, na nimeshinda.

Ilikuwa hivi. Siku ya mirathi Maalimu alifika na watu wazima wanne wa mtaa. Nyumba ikaandikwa, duka likaandikwa, shamba la mpunga la Ngana, cherehani ya Mama, saa ya ukutani. Ikafika katoni. Nikasema, "Kaka ameomba isifunguliwe." Maalimu akavua miwani. "Bibie, mimi nagawa mali ya marehemu. Nitaandika nini hapa? Kitu?" Akasema kisichojulikana hakigawiki. Muksini akauliza, "Na tukiiuza hivyohivyo ilivyofungwa?" Maalimu akamjibu, "Ukimuuzia mtu boksi ambalo wewe hujui kilichomo, naye hajui, mnacheza kamari. Mzee Abdala hakuuza hata kibaba cha mchele bila kumimina mteja aone."

Hilo ni kweli kaka. Unakumbuka alivyokuwa akimimina.

Na yule mzee wa maneno ya chupa alikuwepo, ameegemea mlango, anatabasamu. Nikaona nikikataa, jina lako na la Baba yatatoka na wale watu pamoja na maneno yao. Nikachukua mkasi wa duka nikaikata kamba mwenyewe, mbele yao wote.

Laiti ungeona! Pakiti zimepangwa kama siku zilipotoka, nyekundu na buluu, na harufu ya peremende ikapanda hadi Maalimu akapiga chafya. Yule mzee nikampa pakiti ya kwanza. Nikamwambia, "Onja hiyo pombe, Mzee." Chingamu imekuwa jiwe, ikamkwangua jino, watu wakacheka mpaka wakatoka nje. Tangu siku hiyo hakuna anayekusema.

Tukafungua zote ili tuhesabu kwa haki. Chingamu tukazitupa, kadi tukazipanga juu ya mkeka. Nzuri, kaka, mpya kabisa, makali ya pembe yanachoma kidole. Maalimu akagawa mafungu matano: mawili yako, mawili ya Muksini, moja langu. Ili pasije pakawa na ugomvi baadaye, nimeandika jina la mwenyewe nyuma ya kila kadi, kwa wino, kwa mwandiko ule wa Kiarabu ulionifundisha wewe, na nikapiga mhuri wa duka. Zako nimezifunga kwa kitambaa. Hazitapotea, kila moja ina jina lako.

Hesabu ilibakiza kadi moja isiyoingia fungu lolote. Maalimu akasema itolewe sadaka ya Baba, tukampa Mama Angetile kwa kuitunza katoni miaka yote ile. Ni golikipa mwenye fulana ya njano. Ameipokea kwa mikono miwili, akashukuru: "Ndaga fijo. Huyu kasimama kama Abdulrahimu alivyokuwa akisimama golini."

Sasa tulia kaka. Hakuna lililofichika tena.

Mdogo wako, Naila

---

Cardiff,
9 Mei 1995

Mdogo wangu Naila,

Nimepokea barua ya tarehe ishirini. Maalimu amesema kweli. Nimelifikiria neno lake siku kadhaa, na nadhani Bwana Pritchard mwenyewe asingeweza kumjibu.

Sikulaumu. Tafadhali lisome neno hilo tena kabla ya kuendelea.

Ikiwa barua yangu ya tarehe pili Aprili imefika kwa njia ya Matema, utaelewa swali hili. Ikiwa haijafika, nijibu tu. Ile kadi ya golikipa wa fulana ya njano, nyuma yake haina jina wala mhuri? Nimetazama orodha za Bwana Pritchard. Kadi ya kipa huyo ilichapwa kidogo kuliko zote, na wanaoikosa huitafuta maisha yao yote. Kama mgongo wake ni safi na pembe zote nne ziko kama ulivyoandika, inaweza kupata alama ya juu, na hiyo peke yake ikafanya kazi niliyoitarajia kwa katoni.

Nenda kwa Mama Angetile. Mweleze kwamba naomba kuinunua, na atapata haki yake. Usiifute vumbi. Usiiguse katikati. Iweke baina ya kurasa za kitabu kikavu, uifunge kwa mbao mbili nyembamba, unitumie.

Fanya haraka, Naila, lakini usiifanye kwa haraka.

Kaka yako,
Abdulrahim

---

Mbugani, Kyela,
11 Juni 1995

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua zako zote mbili zimenifikia siku moja. Mto Mbaka ulifurika, njia ya Matema ikakatika, na ile ya Aprili ilikaa kanisani hadi Mama Angetile alipoweza kwenda kwao. Aliniletea ndani ya mfuko wa nailoni, kavu kabisa. Amezoea kutunza vitu vyako. Nilizisoma zikiwa zimefuatana, nimekaa kwenye gunia la sukari, na nilipomaliza nikafunga duka adhuhuri. Muksini alidhani nimepata msiba.

Kaka, kwa nini sikuiacha ile kamba? Wangesema maneno yao, ningezeeka nayo.

Sasa nikwambie kila kitu. Kwanza nilikwenda kwa Mama Angetile. Golikipa alikuwa ukutani, juu ya kitanda chake. Aliibandika kwa uji mzito wa mchele, mgongo wote, ili upepo usiichukue. Mchele wetu huu unavyonata hauhitaji kuelezwa. Sikumwambia bei. Nilimwambia tu kwamba wewe unaiomba, na kwamba inahusu kurudi kwako. Laiti ningenyamaza! Alisimama palepale akachukua kisu cha kumenyea ndizi. Nikamwambia, "Mama, subiri, tulowanishe kwanza." Akasema, "Mtoto anataka kuja nyumbani, nisubiri nini?" Akaingiza kisu pembeni, akavuta.

Mgongo umebaki ukutani kaka, umegandamana na chokaa. Uso umetoka vipande viwili. Alikaa chini akavishika hivyo vipande, akasema maneno ya Kinyakyusa ambayo sikuyashika yote, nikashika jina lako. Tangu siku hiyo akipita dukani haniangalii. Amenipa vipande nikutumie. Nimevikataa, akaviacha kaunta.

Nimejaribu kufuta majina. Raba imechubua. Ndimu imefifisha wino lakini karatasi imevimba. Nimeharibu kumi hivi za kwangu kabla ya kuacha, zako sikuzigusa.

Muksini, ambaye alicheka kuliko wote, nilipomsomea barua zako hakulala siku mbili. Alizirudisha kadi zake na zangu na zako ndani ya makaratasi ya pakiti, akayakunja kwenye mikunjo ya zamani, akayagandisha kwa gundi ya unga wa muhogo, moja moja. Mahali pa chingamu ameweka vipande vya kadibodi. Katoni ameifunga kwa kamba ileile, kaunganisha pale nilipokata, fundo huliona mpaka uambiwe. Anasema, "Mpelekee. Mzungu ataona imefungwa." Imeondoka jana kwa rejista. Sikujua niizuie kwa maneno gani. Ni mara ya kwanza tangu Baba afe kumwona akifanya kazi kwa mikono yake.

Na jambo la mwisho, ndilo kubwa. Kaka, njoo. Njoo mikono mitupu. Chumba cha nyuma tumekipaka chokaa, bati Muksini ametoa alilowekea ghala la Ngana. Kitanda cha Baba kipo humo. Hapa hakuna atakayekuhesabia sahani. Mahitaji yako madogo ni yapi ambayo sisi hatuwezi kuyakidhi? Samaki wapo, mchele upo, magazeti ya juzi yapo.

Nijibu kwa njia yoyote. Isomwe hata barazani.

Mdogo wako,
Naila

---

Cardiff,
9 Julai 1995

Mdogo wangu Naila,

Katoni imefika. Niliiweka juu ya meza ya jikoni nikaizunguka kama mpimaji. Nimefanya kazi ya gundi na karatasi miaka mingi, na nakwambia Muksini ana mkono. Mikunjo ameifuata, fundo ameliingiza ndani. Ilibidi nitafute kwa kidole pale alipounganisha. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo, mbele ya watu.

Sikuipeleka kwa Bwana Pritchard. Macho yake yamepungua nguvu na angeweza kuinunua.

Usiku niliifungua. Unga wa muhogo ulinukia chumba kizima. Nilitoa kadi moja baada ya nyingine, nikazigeuza zote mgongo juu, na zilizo zangu nikazipanga mezani. Abdulrahim, Abdulrahim, Abdulrahim, kwa ile mimu ya mwisho uliyokuwa ukiikosea mkia, sasa huikosei. Jumatatu nilimpelekea Pritchard moja, nimwonyeshe tu. Aliitazama kwa kioo chake akasema ingekuwa tisa, pengine kumi, kama si mwandiko. Akaniuliza ni jina la nani. Nikamwambia.

Zile za Muksini na zako nazirudisha kwa posta. Wape watoto wa mtaa wachezee, ndiyo kazi niliyoziagizia.

Sasa umeniuliza mahitaji yangu madogo ni yapi. Nilikuandikia hivyo ili nisikutishe. Ni moyo, Naila. Nauugua miaka minne sasa. Kila siku nameza vidonge vya aina tatu, na kila baada ya miezi michache hospitali hunipima na kubadilisha kipimo. Hapa napewa bila kulipa. Niliandika kwa daktari mmoja Mbeya kuuliza, naye akanijibu kwa uungwana kwamba viwili vinaweza kupatikana Dar es Salaam kwa fedha, na cha tatu hana hakika. Fungu langu la katoni lilikuwa la vidonge hivyo. Bati na nauli ningedunduliza. Nikija mikono mitupu, mtaniuguza katika chumba cheupe kwa masika moja, kisha mtauza shamba la Ngana kuninunulia masika ya pili. Nawajua. Mngeuza na duka, na msingeniambia.

Mwondolee bati Muksini, alirudishe ghalani. Chumba wekeni kokoa yenu, pakavu ni pakavu.

Nenda kwa Mama Angetile kwa niaba yangu. Usimtumie mtu, nenda mwenyewe. Mwambie vipande vile viwili alivyoviacha kaunta ninavitaka, nawe unitumie. Nitaviunganisha kwa gundi ya ngano na karatasi ya Kijapani, kazi ninayoiweza, na nitavitundika juu ya kitanda changu. Mwambie ule mgongo uliobaki ukutani kwake auache hapohapo, asiupake chokaa. Na mwambie hakukosea. Angesubiri asingekuwa yeye.

Kaburi la Baba lipandieni nyasi upande maji yanakotokea, mvua isije ikalikata.

Barua hii isomwe barazani kama zamani. Muksini aisome, kwa sauti yake ile, hadi mstari wa mwisho, ili mtu yeyote asiwe ananingojea.

Sitarudi Kyela.

Kaka yako,
Abdulrahim